Upande wa Pili wa Godoro

Fundi magodoro alifunga kibanda chake siku ya Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni, mapema kuliko kawaida yake, kwa sababu kulikuwa na godoro la kuchukuliwa nyumbani kwa mteja.

Fundi hakumjua mteja huyo. Asubuhi, akiwa ameinama na kichwa kimezama ndani ya gunia la sufi, alisikia sauti ya mwanamume ikimwelekeza: nyumba ya mwisho baada ya karakana ya matairi, mlango wa kijani, godoro la watu wawili, upande mmoja umelala. Alipoinua kichwa, nyuzi za sufi zimemganda kwenye kope, hakukuwa na mtu.

"Nani alikuwa hapa?" alimuuliza jirani yake.

"Mimi nilikuwa nachonga," jirani alijibu. "Nikichonga sioni hata nyumba ikiungua."

Jirani huyo alikuwa mchonga funguo. Walimwita Kufuli, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na moja. Fundi mwenyewe aliitwa Sindano. Wengine walisema ni kwa ajili ya sindano ndefu ya kushonea magodoro aliyozoea kuichomeka kwenye kilemba. Wengine walisema ni kwa ajili ya ulimi.

"Unafunga saa hizi?" Kufuli alimuuliza jioni ile. "Vipi, umeposwa?"

"Naenda kuchukua kazi."

"Kazi gani ya kwenda umejipaka mafuta ya nywele?"

"Wewe shughulika na kutu yako."

Kufuli alicheka. Kisha akashusha sauti. "Nenda na Gurudumu, basi. Taa za njia ile zimekufa zote."

Gurudumu alikuwa mzee mvuta mkokoteni. Sindano alimwita, wakaondoka, yeye mbele, mkokoteni nyuma ukilalamika kwa chuma chake kibovu.

Sindano alikuwa na msemo wake: nionyeshe godoro nikusomee ndoa. Mashimo mawili yaliyosogeleana, hao wanapatana. Mashimo mawili yenye tuta katikati, hao wanangoja watoto wakue. Shimo moja, huyo analala peke yake, hata akikuapia nini. Wateja walicheka, na wengine waliondoka hawacheki.

Godoro lake yeye lilikuwa na shimo moja.

Wanaume walikuwepo. Kulikuwa na dereva wa lori aliyepita njia ilipompitisha, mpaka njia ikabadilishwa. Kulikuwa na karani wa sensa. Penzi lao lilidumu mpaka watu wote walipokwisha kuhesabiwa, na alipoondoka Sindano alijiuliza kama yeye alihesabiwa kama mtu mmoja au la. Na kulikuwa na usiku mmoja wa mvua kubwa, mwaka uliopita, maji yalipoingia kibandani na Kufuli akamsaidia kubeba magunia ya sufi hadi chumbani kwake. Walilowa. Walicheka. Akabaki. Kabla ya alfajiri alivaa viatu gizani, akatoka kwa kunyata. Kesho yake alikuwa kibandani pake akitania wateja kama kawaida, na hakulitaja jambo lile tena. Sindano naye hakulitaja. Alimweka Kufuli mahali alipowaweka wale wengine.

Tamaa haikumsumbua sana. Tamaa ina usingizi wake. Kilichomsumbua ni mteremko. Mtu wa pili akilala, godoro huinama upande wake, na wewe unateleza kidogo kumfuata, bila kuamua, bila kuombwa. Ule mteremko ndio alioutaka. Angeutoa mkono wake wa kulia, mkono wa kazi, ili aupate kila siku.

Walipofika, giza lilikuwa linaanza kushika. Karakana ya matairi ilikuwa imeshafungwa. Mlango wa kijani ulikuwa wazi kidogo. Gurudumu alibaki barabarani na mkokoteni, maana kichochoro kilikuwa chembamba.

"Hodi."

"Karibu, fundi. Ongea taratibu."

Ilikuwa sauti ileile. Ilitoka gizani, karibu sana, bila hatua kutangulia.

"Kuna mgonjwa?" Sindano alinong'ona.

"Kuna aliyelala."

Aliona bega, na mkono ulioshika fremu ya mlango. Mkono msafi. Kwenye kidole gumba palikuwa na sugu, mahali palepale ambapo yeye alikuwa na ya kwake. Uso haukuonekana. Harufu ya humo ilikuwa ya sufi iliyopata unyevu, na chini yake mafuta ya nywele, ya aina nyingi, kama saluni iliyofungwa madirisha.

Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, kwenye ukumbi. Kitambaa cha milia, cha zamani, kizuri. Alilibonyeza. Upande wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Wa kushoto ulikuwa umejaa, mgumu, kama jana ndiyo umeshonwa.

"Ujaze huo uliolala," sauti ilisema. "Wa pili usiufungue."

"Sufi ni moja. Nikifungua huku nimefungua kote."

"Katikati kuna kitambaa. Utakiona. Usikipite."

"Sawa."

Alilikumbatia godoro alibebe. Upande wa kushoto ulimvuta kwa uzito.

"Fundi. Unaishi na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

Alilisukuma mpaka nje, Gurudumu akampokea.

Mvua iliwakuta njiani. Kibanda chake kilikuwa kinavuja tangu yale mafuriko, na sufi ikilowa imekufa. Basi alimwambia Gurudumu wapite moja kwa moja hadi chumbani kwake, kwenye nyumba ya wapangaji wengi inayozunguka ua mmoja. Sakafu nayo ilikuwa na maji. Mahali pakavu palikuwa kitandani tu. Walilitandaza hapo, juu ya godoro lake mwenyewe, Gurudumu akaenda zake.

Shangazi yake aliyemfundisha kazi alikuwa na sheria chache, na hii aliirudia kuliko zote: godoro la mteja unalipima kwa goti na kiganja. Hulilalii. Godoro la mtu ni mwili wake. Unaulaliaje mwili wa mtu usiyemjua? Katika miaka yote ya kazi Sindano hakuwahi kuivunja. Magodoro mazuri yalipita mikononi mwake, ya maharusi, ya matajiri, na yeye aliyapima kwa goti.

Lakini mvua ilikuwa inapiga bati. Sakafu ilikuwa maji. Kwenye ua, mke wa jirani alikuwa akimwita mumewe ndani ale kabla chakula hakijapoa.

Alijilaza. Mara moja tu, alijiambia. Kupima.

Alilala upande wa kulia, ule uliolala. Shimo lilimpokea sawasawa, bega na nyonga, kama lilichimbwa kwa kipimo chake.

Akafumba macho.

Godoro likainama.

Polepole... kwa adabu, kama mtu anayerudi kitandani na hataki kumwamsha mwenzake. Sindano aliteleza kidogo kuelekea kushoto. Mgongo wake ukagusa kitu. Kilikuwa na joto.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo alilolifikiria baadaye, akijishangaa. Alishika pumzi, akasikiliza, na nyuma ya shingo yake kulikuwa na pumzi nyingine, ya taratibu, yenye harufu ya mafuta ya nywele.

"Sogea," ilinong'ona.

Alisogea.

Alilala usingizi ambao hakuupata tangu utotoni. Alipoamka palikuwa peupe. Upande wa pili ulikuwa mtupu, umejaa, mgumu, baridi kama ukuta.

Hakulitia sindano godoro lile. Siku ya pili alijiambia kitambaa bado kina unyevu. Siku ya tatu alijiambia mteja hajaulizia. Baada ya hapo aliacha kujiambia. Jua likiinama tu alikuwa anafunga kibanda, na kabla watu wa ua hawajawasha majiko ya jioni yeye alikuwa ameshalala, amegeukia ukutani, anangoja mteremko. Ulikuja kila siku. Haukuchelewa, haukuwa na safari, haukuwa na mke mahali. Na kila asubuhi ulikuwa umekwenda.

Alianza kukonda. Blauzi zikamlegea mabegani. Wateja walimpongeza.

"Dada, unapendeza," mdogo wake alimwambia alipopita na watoto siku ya Jumapili. "Nani huyo?"

"Nani nani?"

"Usinifanye mtoto. Mtu analala saa moja jioni kama kuku, halafu anaamka anacheka peke yake."

"Nimechoka kazi tu."

"Haya. Siku akitaka kuja kutusalimia, mwambie shemeji zake hawang'ati."

Sindano alicheka. Mdogo wake alipoondoka, alikaa ukingoni mwa kitanda akaona kwamba kile ndicho alichokitaka hasa. Mtu wa kuonekana. Mtu wa kukaa mpaka jua litoke, watu wapite mlangoni na kusalimu.

Jioni ile alisema, kwa mara ya kwanza, sauti ikimtoka nyembamba:

"Kaa."

Pumzi ilisimama nyuma ya shingo yake.

"Asubuhi usiondoke. Kaa."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Sijatosha."

"Hujatosha nini?"

Mvua ilikuwa imekwisha. Kwenye bomba la uani tone lilikuwa linadondoka kwenye ndoo.

"Nijaze," ilinong'ona.

Asubuhi alifunga mlango, akaligeuza godoro, akatafuta mdomo wa upande wa kushoto.

Hapa lazima lielezwe jambo la ufundi. Godoro la sufi hujazwa kupitia mdomo ulioachwa wazi ubavuni, na mdomo huo hushonwa mwisho. Anayeushona yuko nje, hana pengine pa kukaa. Kwa hiyo fundo la mwisho hubaki nje, nalo hufichwa chini ya pindo. Hata mwanagenzi wa wiki moja hawezi kukosea hilo.

Sindano alipitisha kidole kwenye pindo. Hakukuta fundo. Akarudia. Akavuta uzi, na uzi ukaelekea ndani. Alikata mshono kwa wembe, akafunua, akaliona. Fundo dogo, safi, la mtu anayejua kazi yake.

Lilikuwa upande wa ndani.

Aliyefunga mdomo ule alikuwa ndani.

Aliweka wembe chini. Kisha akaingiza mkono mpaka kiwiko. Sufi ilikuwa kidogo, juujuu tu. Chini yake palikuwa na nywele. Zilizosukwa, zilizokatwa na msuko wake. Za mvi. Zilizotiwa rangi. Nyingine fupi, kama za sakafuni kwa kinyozi. Zilikuwa zimeshindiliwa kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka, na katikati kabisa, pale ambapo vidole vyake viliishia, zilikuwa za moto.

Alitoa mkono.

Alijua la kufanya. Hilo lisemwe wazi, maana watu walisema baadaye kwamba alirogwa akili. Akili alikuwa nayo. Alisimama dirishani kumwita mtu yeyote aje amsaidie kulitupa nje godoro lile. Alikuwa ameshafungua mdomo.

Kule uani mke wa jirani alikuwa akigomba na mumewe.

"Kila siku ndoo yangu, ndoo yangu. Hivi mimi nimeolewa na wewe au na ndoo?"

"Na ndoo," mume alisema. "Mimi ni mpangaji tu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliolala kitanda kimoja na watakaolala tena.

Sindano alifunga dirisha. Akavua kilemba, akachukua mkasi.

Kesho yake jua lilipotoka, mteremko ulikuwa bado upo.

Alilala bila kujitikisa, akitazama mwanga ukipanda ukutani. Watu walipita kwenye varanda. Nyuma yake mtu alikuwa anapumua. Aliogopa kugeuka, na alifurahi, na hakuweza kutenganisha hivyo viwili. Jua lilipofika kwenye bawaba ya mlango, godoro lilinyanyuka polepole, likawa tupu.

"Kesho zaidi," alisema kwa sauti.

Alifika kazini amechelewa, kilemba amekishusha mpaka kwenye nyusi. Kufuli alimtazama mara mbili.

"Umenyoa?"

"Joto."

"Joto la wapi? Juzi tumelala na mablanketi." Aliacha mashine yake, akaja akasimama karibu na meza ya kukatia vitambaa. Hakuwa anatania. "Sindano. Umekuwa kama mtu aliyekopeshwa mwili. Unakula?"

"Nakula."

"Jioni nitapita kwako nikuone."

Kulikuwa na wakati, mwaka uliopita, ambapo maneno hayo yangemfanya afagie chumba. Sasa aliona tu kwamba akija, atakaa kidogo, atanywa chai, na atavaa viatu.

"Usipite. Nina mgeni."

Kufuli aliokota uzi wa sufi mezani, akauviringisha kidoleni.

"Mgeni wa kulala," aliuliza hatimaye, "au wa kukaa?"

"Wa kukaa."

"Basi hongera."

Alirudi kwenye mashine yake. Ufunguo aliokuwa akiuchonga ulikuwa wa mama mmoja muuza duka, na aliuharibu. Alichukua mwingine, akauharibu nao.

Jumamosi jioni Sindano alijifungia mapema. Wapangaji walisikia komeo likiingia. Mke wa jirani, aliyekuwa anaanua nguo karibu na dirisha lake, alisikia watu wawili wakiongea kwa kunong'ona, akasogea mbali kwa heshima. Alidhani hatimaye dada wa watu amepata mtu.

"Bado sijatosha," upande wa pili ulisema.

"Nywele zimekwisha."

"Najua."

"Kucha nimekupa."

"Najua."

"Basi sina kingine." Alikuwa analia, bila sauti, uso umegeukia ukutani. "Niambie unachotaka. Mimi sitaki kuamka peke yangu tena. Niambie tu."

Godoro lilizidi kuinama. Hakuwahi kuuona mteremko mkali namna ile. Alijishika ukingoni kwa vidole, kisha akaacha kujishika.

"Fungua mdomo," ilinong'ona.

Alitafuta pindo gizani, akaufungua.

"Njoo na sindano yako."

Yaliyofuata yanajulikana kwa maneno ya mdogo wake, ya Kufuli, na ya polisi waliokuja kuandika.

Mdogo wake alifika Jumapili na watoto, akabisha, hakujibiwa. Aliwapeleka watoto kwa mke wa jirani na kumwita Kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye kitasa kwa ndani, na komeo limeingia. Kufuli aliusukuma ufunguo ukaanguka, akafungua kitasa, kisha wakalazimika kuvunja komeo kwa bega. Dirisha lilikuwa na nondo, zote nzima.

Ndani palikuwa safi. Ndala zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda. Kilemba kilikunjwa juu ya kiti. Mkasi na wembe vilikuwa mezani. Sindano ndefu haikuonekana, wala mwenyewe.

Godoro la milia lilikuwa kitandani, limejaa pande zote mbili. Kufuli alipitisha kidole kwenye pindo lote, akizunguka kitanda. Hakukuta fundo.

"Tulibebe nje," mdogo wake alisema.

"Ngoja kwanza."

Alikuwa ameweka kiganja juu yake. Alimweleza mdogo wa Sindano baadaye, na hakumweleza mwingine, kwamba lilikuwa na joto. Na kwamba chini ya kiganja chake kitu kiligeuka, kwa uzito wa usingizi, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Polisi walikuja wawili. Waliandika kwamba mtu mzima ametoweka. Mmoja wao alikaa kitandani ili aandike vizuri. Akainuka mara moja, na akaandika yaliyobaki akiwa amesimama. Mwenzake alipomuuliza kulikoni, alisema kitanda kibovu.

Jumatatu, Kufuli na mdogo wa Sindano walimtafuta Gurudumu awapeleke kwenye ile nyumba. Mlango wa kijani ulikuwepo. Ulikuwa umepigiliwa ubao, na ubao umeota kuvu.

"Siku ile ulikuwa wazi," Gurudumu alisema.

"Na mwenye nyumba? Alikuwaje?"

Mzee alijikuna shingo. "Mimi sikumwona mtu. Nilimsikia fundi akiongea."

"Akiongea na nani?"

"Nilisikia sauti yake tu. Anauliza, ananyamaza, anajibu. Nilidhani mwenzake ana sauti ndogo."

Mwenye karakana ya matairi aliwaeleza alichokijua, huku anafuta mikono kwa tambara. Katika nyumba ile alikuwa akikaa fundi wa magodoro, mwanamume, mtu mpole. Mkewe alimwacha. Baada ya hapo alionekana jioni akipita kwenye saluni na kwa vinyozi, na mfuko, akiomba nywele zilizofagiwa. Watu walisema ni mchawi, watoto wakakatazwa kupita kichochoroni. Yeye mwenyewe alimwuliza siku moja, nywele za nini. Fundi akasema anajishonea mtu wa kulala naye, wakacheka wote wawili.

"Akaenda wapi?" mdogo wake aliuliza.

"Hatujamwona akitoka," mwenye karakana alisema.

Akarudi kwenye matairi yake.

Mdogo wake aliamua godoro litachomwa moto Alhamisi asubuhi, uani, mbele ya watu. Kufuli alimwomba asubiri. Yeye akamuuliza asubiri nini.

"Na kama yumo?" Kufuli alisema.

"Kama yumo, shemeji, basi ndiyo sababu." Alimwita shemeji bila kufikiri, kisha akamtazama vizuri. "Wewe na dada mlikuwa na nini?"

Kufuli alichezea kishada cha funguo.

"Usiku mmoja. Ule wa mvua. Nilitoka alfajiri ili watu wa ua wasije wakamsema vibaya. Nilidhani ndivyo alivyotaka. Kesho yake hakunitazama, nikajua ndivyo."

"Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Na yeye?"

"Hakuniuliza."

Mdogo wake alifunika uso kwa mtandio. Alipoufunua alisema, "Alhamisi. Asubuhi."

Jumatano, saa kumi na mbili jioni, wapangaji walimwona Kufuli akiingia uani na shuka jipya lililokunjwa mkononi. Alikuwa ameoga. Mke wa jirani alimsalimu, akaitikia kwa taratibu, bila mzaha. Aliingia chumba cha Sindano. Alikuwa ametengeneza komeo jipya Jumatatu ileile, kwa mikono yake, na walilisikia likiingia mahali pake.

Alhamisi asubuhi mdogo wake alifika na dumu la mafuta ya taa. Alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Viatu vya Kufuli vilikuwa nje, kwenye varanda, mahali ambapo kila mtu aliweza kuviona. Alibisha mpaka watu wakajaa. Kisha akaketi sakafuni kando ya viatu vile, dumu mapajani, na hakuruhusu mtu yeyote kuuvunja mlango.